Mfalme wa Japani hana madaraka, sasa siku nzima anafanya kazi gani?

Swali limetoka kwa msomaji wetu mmoja, binti anayejiandaa kwenda kusoma kozi fupi: "Shikamoo mwalimu. Nasikia mfalme wa Japani hana nguvu yoyote ya kisiasa, hata sheria hawezi kuikataa. Sasa kila siku anafanya nini? Na zile ibada za usiku wanazovaa nguo nyeupe ni za serikali au za dini? Mwezi wa pili nitakuwa Tokyo, je nitaweza kumuona?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa safari. Maswali yako yako matatu ila jibu lake karibu ni moja, kwa hiyo nivumilie maana nitaongea sana, hii itifaki ya Kijapani nimeifuatilia miaka mingi na nikianza huwa sinyamazi.

Kwanza tuweke sawa hilo la madaraka. Ni kweli kabisa hana. Katiba ya Japani iliyoanza kutumika tarehe 3 Mei 1947 inamwita mfalme alama ya taifa na ya umoja wa wananchi, na ibara ya 4 inasema wazi kwamba hana mamlaka yoyote ya kuendesha serikali. Hapigi kura, hana jina la ukoo, na yeye na malkia wanasafiri nje bila hata paspoti. Mali ya kifalme ni ya dola, na matumizi yao yote yanapitishwa na bunge. Lakini ukichukua ratiba yake ukaiangalia wiki nzima utashangaa, ni mtu wa miaka sitini na kitu anayekimbizwa na shughuli kuanzia asubuhi, na tofauti yake na waziri ni kwamba waziri anafanya maamuzi, huyu kazi yake ni kuwepo. Usiichukulie poa hiyo, kuwepo ni kazi ngumu, hasa ukiwa huruhusiwi kukosea wala kuonyesha umechoka.

Wataalamu wa sheria wa kule wanazigawa shughuli zake mafungu matatu. Kuna zile zilizoandikwa kwenye katiba, kuna za hadharani ambazo hazijaandikwa popote ila zimezoeleka, na kuna za binafsi, ambamo ndimo ibada zimo. Ukishaelewa huu mgawanyo mengine yote yanajipanga yenyewe, na utaona kwamba fungu linalompa mfalme heshima mbele ya wananchi siyo lile la katiba.

La katiba ni rahisi kulieleza. Baraza la mawaziri linakaa Jumanne na Ijumaa, na kikao kikiisha makaratasi yanapelekwa kasri siku hiyo hiyo, mfalme anasoma, anaweka jina lake kwa brashi, halafu linagongwa mhuri. Sheria mpya, mikataba, kuitisha bunge, kuvunja bunge la chini, uteuzi wa mabalozi, vyote vinapita hapo na kwa mwaka ni makaratasi kama elfu moja hivi. Mihuri yenyewe sasa, hapo ndo utacheka: ni ya dhahabu, ilitengenezwa mwaka 1874, ule wa mfalme una uzito wa kilo tatu na nusu hivi na ule wa dola kilo nne na nusu. Kukataa kusaini hawezi, maana kila kitu anafanya kwa ushauri na idhini ya baraza la mawaziri, yaani anasaini kilichokwisha amuliwa.

Waziri mkuu naye anateuliwa na mfalme, ila jina linatoka bungeni. Oktoba 2025 alipoingia Takaichi Sanae, mwanamke wa kwanza kushika hicho cheo, alisimama kwenye ukumbi wa msonobari ndani ya kasri, mfalme akatamka sentensi moja tu ya kumteua, basi. Na hati yenyewe anayekukabidhi siyo mfalme, ni waziri mkuu anayeondoka. Mimi hiyo naipenda sana, yule unayemtoa kwenye kiti ndiye anakupa karatasi mkononi huku mfalme anatazama, sijui kwetu tungeweza!

Bunge likifunguliwa pia anaenda, anasoma hotuba fupi kwenye ukumbi wa bunge la juu, hotuba ambayo haina sera hata moja. Chama cha Kikomunisti walisusia hiyo shughuli miongo na miongo wakisema ni mabaki ya ufalme wa zamani, wakaja kuhudhuria Januari 2016.

Halafu kuna mabalozi. Hii ndo inayowahusu watu wetu moja kwa moja, kwa sababu kila balozi mpya anayepelekwa Tokyo, awe wa Tanzania, Kenya, Rwanda au popote, lazima apeleke hati zake kwa mfalme, na siku hiyo anatumiwa usafiri wa kasri, achague mwenyewe gari au farasi. Wengi wanachagua farasi, we ungechagua nini? Ni mkokoteni wa kifahari wa zamani unaovutwa na farasi, unaanzia Tokyo Station upande wa Marunouchi, walinzi wamepanda farasi mbele na nyuma, taksi na mabasi yanasubiri, watalii wanatoa simu, na ndani balozi wako amekaa wima kama picha. Inachukua dakika chache tu mpaka lango kuu la kasri. Ukiwa Tokyo siku za kazi na una bahati unaweza kuuona huo msafara bure kabisa.

Sasa tuje fungu la pili, ambalo mimi naona ndo moyo wa mambo. Hakuna ibara inayosema mfalme aende kuwaona waliokumbwa na tetemeko. Hakuna. Lakini leo Mjapani ukimuuliza mfalme wake anafanya nini, asilimia kubwa watakumbuka picha ya mfalme amekaa chini kwenye sakafu ya ukumbi wa michezo, kapiga magoti, anaongea na bibi aliyepoteza nyumba. Hii staili haikuwepo enzi za babu zao. Mfalme Hirohito baada ya vita alizunguka nchi nzima kati ya 1946 na 1954 isipokuwa Okinawa, lakini alikuwa anasimama, kavaa suti, anapunga kofia. Aliyeleta kupiga magoti ni mwanawe Akihito na mkewe Michiko, na watu wanaikumbuka sana ile ya 1991 mlima Unzen ulipolipuka kule Nagasaki, wakaingia kwenye makazi ya muda Shimabara, mfalme kakunja mikono ya shati, akapiga magoti kwenye mkeka mbele ya wananchi. Kuna wahafidhina walikasirika, wakasema mfalme hatakiwi kujishusha hivyo. Wananchi wao walikuwa wanalia.

Kuanzia hapo haikurudi nyuma. Kobe 1995 walienda. Mwaka 2011 baada ya tetemeko na tsunami ya Machi, Akihito alitoa ujumbe wa video siku tano baada ya janga, kitu ambacho hakikuwahi kufanyika, halafu wakaenda mikoani wiki saba mfululizo, na wakati huo yeye alikuwa na miaka sabini na saba na alishafanyiwa matibabu ya saratani. Mwanawe Naruhito, ambaye ndiye mfalme wa sasa, na mkewe Masako wameurithi huo utaratibu mzima mzima. Tetemeko la rasi ya Noto lilipiga tarehe 1 Januari 2024, na salamu za mwaka mpya kwa wananchi zilizopangwa kesho yake zikafutwa papo hapo, kisha Machi wakaenda Wajima na Suzu, Aprili wakarudi Anamizu na Noto, na mvua ilipobomoa tena kulekule wakaenda tena Desemba. Angalia jinsi wanavyokwenda: wanasubiri mpaka shughuli za uokoaji zitulie ili wasiwe mzigo, na hakuna ahadi yoyote wanayotoa maana hawana cha kuahidi, hawana bajeti, hawawezi kusema tutawajengea. Wanauliza tu umelala vipi, chakula kinafika, watoto wako wapi. Nadhani ndo maana inafanya kazi, mwanasiasa akija unajua anataka kitu.

Ukiacha majanga kuna safari nne za kila mwaka mikoani: tamasha la kupanda miti, tamasha la michezo la taifa, tamasha la bahari na uvuvi, na tamasha la utamaduni. Zinazunguka mkoa hadi mkoa kwa hiyo kila mkoa unajua iko siku zamu yake itafika, na hapo utaona barabara zimejaa watu wenye vibendera. Kuna tafrija za bustanini pale Akasaka, msimu wa machipuko na wa vuli, wanaalikwa watu kama elfu mbili kuanzia wanariadha wa olimpiki mpaka madiwani. Na tarehe 15 Agosti kila mwaka, saa sita kamili mchana, wanasimama kimya dakika moja kwenye ukumbi wa Budokan kuwakumbuka waliokufa vitani. Hiyo ya vita wanaichukulia kwa uzito wa aina yake, mwaka 2025 ilipotimia miaka 80 Naruhito na Masako walikwenda Iwo Jima, Okinawa, Hiroshima na Nagasaki, zote ndani ya mwaka mmoja.

Unaona basi kwa nini Akihito alichoka. Agosti 2016 alikaa mbele ya kamera akasema, kwa maneno ya kuzungukazunguka maana kisheria hawezi kutoa maoni ya kisiasa, kwamba umri umekwenda na anahofia hataweza kufanya kazi za alama ya taifa kwa nguvu zake zote kama alivyozoea. Sheria haikuwa na mlango wa mfalme kustaafu, wa mwisho kuachia kiti alikuwa Kokaku mwaka 1817, ikabidi bunge litunge sheria maalumu 2017 kwa ajili yake yeye peke yake. Aprili 30, 2019 akaachia na Mei 1 akaingia Naruhito. Sasa fikiria, katika ile katiba kazi anazolazimika kuzifanya zingeweza kufanywa na mwakilishi wake, sheria ya kukaimu ipo na inatumika kila mfalme akisafiri nje. Yeye alichoogopa kukishindwa ni hivi vingine ambavyo havijaandikwa: magoti, mikeka, safari za visiwani.

Haya, ibada. Swali lako la kama ni za serikali au za dini ni swali ambalo Wajapani wenyewe wanapelekana nalo mahakamani. Ndani ya uwanja wa kasri kuna mahekalu matatu ya Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, moja la mungu wa jua Amaterasu ambaye kwa simulizi ndiye bibi wa ukoo huu, moja la mizimu ya wafalme na wanafamilia waliotangulia, na jingine la miungu ya mbinguni na ardhini. Kwa mwaka kuna ibada kama ishirini hivi. Tarehe 1 Januari saa kumi na moja na nusu alfajiri, baridi ya kukata masikio, mfalme yuko nje anaomba akielekea pande nne za dunia. Hiyo ndo inafungua mwaka wake, wewe na mimi tumelala.

Kubwa kuliko zote ni ya tarehe 23 Novemba, ya mavuno. Mfalme anavaa hariri nyeupe, anaingia mara mbili, jioni kuanzia saa kumi na mbili halafu tena kuanzia saa tano usiku mpaka saa saba, anawapa miungu mchele mpya na pombe ya mchele kisha naye anakula. Kamera haziingii. Na sehemu ya huo mchele ameulima mwenyewe, sikutanii, kuna kijaruba ndani ya kasri, Hirohito alianzisha huo utamaduni mwaka 1927, mfalme anavaa buti anapanda mpunga mwezi wa tano na anavuna kwa mundu mwezi wa tisa. Malkia naye ana viwavi wa hariri, kazi iliyoanza 1871, anawalisha majani ya mforsadi kwa mkono. Kuna aina moja ya zamani inaitwa koishimaru, ilitaka kuachwa kwa sababu uzi wake ni mwembamba na hauna biashara, Michiko akakataa wasitupwe, na baadaye ikagundulika uzi huo ndio unaofaa kukarabati vitambaa vya karne ya 8 vilivyohifadhiwa Nara kwenye hazina ya Shosoin. Sasa hivi kazi hiyo anayo Masako.

Kwa kuwa katiba inatenganisha dola na dini, hizi ibada zinahesabika ni shughuli binafsi za familia na zinalipiwa na posho yao ya ndani, ambayo mwaka 1996 iliwekwa yen milioni 324 kwa mwaka na ikakaa hapo hapo miaka mingi. Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi unaanza mfalme mpya akitawazwa, kwa sababu ile ibada ya mavuno ya mwaka wa kwanza inakuwa kubwa na ina jina lake, Daijosai. Ya Naruhito ilifanyika usiku wa Novemba 14 kuamkia 15, 2019. Walichagua mikoa miwili ya kutoa mchele kwa kuchoma gamba la kobe na kusoma nyufa zake, ikatoka Tochigi na Kyoto, wakajenga majengo mazima ya mbao kwa ajili ya usiku mmoja halafu yakabomolewa, na hela ikatoka serikalini. Mdogo wake mfalme, mwanamfalme Akishino, akasema hadharani mwaka mmoja kabla kwamba hii ni dini, ilipiwe kutoka kwenye posho ya familia hata kama itabidi iwe ndogo. Mtu wa ndani kabisa! Kasri halikumsikiliza. Mimi naona alikuwa na hoja.

Usichanganye hiyo na kutawazwa kwenyewe, kulikofanyika Oktoba 22, 2019, ambako ndiko ulikoona zile nguo za ajabu kwenye video. Lile joho la mfalme la rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu havai mtu mwingine yeyote Japani. Malkia amevalishwa matabaka juu ya matabaka, kutembea tu ni mtihani. Pazia likafunguliwa, mfalme akatamka, waziri mkuu Abe akapiga kelele ya Banzai mara tatu, na wageni wa nchi mbalimbali wakashuhudia. Gwaride la gari lilisogezwa mpaka Novemba 10 kwa sababu kimbunga Hagibis kilikuwa kimetoka kuua watu, wakaona siyo vizuri kushangilia.

Vile vitu vitatu vya enzi, kioo, upanga na kito, hutaviona. Kioo kiko Ise, upanga uko hekalu la Atsuta kule Nagoya, na kito kiko kasri pamoja na nakala ya upanga. Kwenye makabidhiano ya Mei 1 kito na nakala ya upanga vilibebwa ndani ya maboksi, na hata mfalme mwenyewe kwa desturi havifungui.

Kuna moja nikuambie kwa sababu wewe ni Mswahili na utaifurahia. Kila Januari kasri linafanya kikao cha kusoma mashairi. Shairi la kwao ni la mizani 31, mistari mitano ya 5, 7, 5, 7, 7, yaani wanabana kuliko sisi tuliozoea 8 kwa 8 na kituo chetu mwisho. Neno la mwaka linatangazwa mapema, mwananchi yeyote anatuma, hata mgeni mradi aandike Kijapani, yanachaguliwa mashairi 10 na wenyewe wanaalikwa kasri. Hayasomwi haraka haraka, yanaghaniwa kwa sauti ndefu, polepole, na wa mwisho ni mfalme, lake linaghaniwa mara tatu, la malkia mara mbili. Mfalme na mwalimu wa shule ya msingi kwenye kikao kimoja wamepewa neno moja la kutungia. Ningepewa kuchagua shughuli moja tu ya kuhudhuria ningechagua hiyo, kutawazwa niachieni kwenye tivii.

Tatizo lao sasa hivi ni watu. Familia nzima ina watu 16 na shughuli hazipungui. Sheria inasema kiti ni cha wanaume tu wa upande wa baba, na binti akiolewa na raia wa kawaida anatoka kwenye familia, kama alivyotoka Mako, binti wa Akishino, mwaka 2021 ambaye hata kile kiinua mgongo alikikataa. Warithi wamebaki watatu, Akishino, mwanawe Hisahito, na baba mdogo wa mfalme, mzee Hitachi aliyezaliwa 1935. Hisahito ndo amefanyiwa sherehe ya utu uzima Septemba 2025, akavishwa kofia ya kijadi na kupanda gari la kukokotwa na farasi, na kabla yake miaka 40 ilipita bila kijana wa kiume kufanyiwa hiyo. Binti wa mfalme, Aiko, yeye anafanya kazi Msalaba Mwekundu tangu Aprili 2024, Novemba 2025 akaenda Laos peke yake kwa ziara rasmi na watu wakampenda sana, lakini kurithi hawezi na akiolewa kwa sheria ya sasa anaondoka. Halafu mama yake, Masako, alikuwa mwanadiplomasia aliyesoma Harvard, akaugua kwa msongo na kasri likatangaza 2004, na mimi sioni aibu kusema presha ya kutafutiwa mtoto wa kiume ilimuumiza.

Huku kwetu wameshafika, Akihito na Michiko walikuja Tanzania na Kenya mwaka 1983 wakiwa bado warithi, Naruhito naye alikwenda Kenya 2010. Na kwenye mkutano wa TICAD, ule wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, wa 2019 pale Yokohama viongozi wa Afrika waliitwa kasri kunywa chai na mfalme. Chai tu, mikopo na miradi wanaongea na waziri mkuu.

Sasa kumuona. Bahati yako mwezi wa pili, maana tarehe 23 Februari ni sikukuu yake ya kuzaliwa na kasri linafunguliwa kwa umma. Ni bure, huhitaji tiketi wala mwaliko. Asubuhi familia inatokea kwenye roshani mara kadhaa, mfalme anasema maneno machache, mnapunga vibendera vya karatasi ambavyo mnagawiwa nje getini, mnaondoka wanaingia wengine. Watakuwa nyuma ya kioo, ni kwa sababu mwaka 1969 kuna mtu alimrushia Hirohito vigololi kwa manati. Unaingilia lango kuu la Nijubashi, wahi mapema kwa sababu foleni ni ndefu na kuna ukaguzi wa mabegi, hivyo begi kubwa acha hosteli. Ukikosa siku hiyo bustani za mashariki za kasri ziko wazi bure, ila Jumatatu na Ijumaa wanafunga. Na vaa vizuri mwanangu, koti la kweli siyo sweta, Februari ya Tokyo utasimama nje saa nzima na zaidi na jua lile la kule halichomi.